Maswali na Majibu ya Michezo: Walamoshi wa Trail

Majuma mawili yaliyopita niliitaja kwa sentensi moja tu timu ya hoki ya barafu ya Trail Smoke Eaters, yaani Walamoshi wa Trail, kutoka mji wa kiwanda uliopo British Columbia, Kanada. Nilisema ilichukua ubingwa wa dunia mara mbili, mwaka 1939 na 1961, na wachezaji wake walikuwa watu wenye ajira za kawaida. Barua zilizokuja zimenifurahisha sana, maana ni timu ninayoipenda. Leo nazijibu.

Shikamoo mzee. Uliandika "timu ya wakubwa ya ridhaa". Wakubwa ndio wazee waliostaafu, kama maveterani wetu wa mtaani? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. La, si maveterani. Kanada wanaipanga hoki ya ridhaa kwa umri. Kijana akishapita miaka 20 hivi hana tena nafasi kwenye timu za vijana, anapanda kwa wakubwa, na huko anaweza kucheza mpaka miguu ikatae. Kombe lao ni Allan Cup, lililotolewa na Sir Montagu Allan wa Montreal mwaka 1908, wakati Stanley Cup, kombe kongwe zaidi la hoki, lilipokuwa limeshashikwa na timu za kulipwa.

Usidhani wakubwa hao walikuwa wachezaji hafifu. Kuanzia 1942 mpaka 1967 ligi ya kulipwa ya NHL ilikuwa na timu sita tu. Kwa hiyo nafasi za kipa wa kwanza zilikuwa sita katika ligi nzima, na nchi imejaa makipa. Wanaume wengi wenye kiwango cha juu walibaki kwenye miji yao, mchana wakiwa kazini na usiku wakiwa kwenye barafu.

Naomba unifafanulie: klabu ya mji inawezaje kwenda kwenye ubingwa wa dunia badala ya timu ya taifa? – Msomaji, Mombasa

Kanada haikuwa na timu ya taifa. Kwa zaidi ya miaka 40 ilichagua klabu moja ya ridhaa, mara nyingi ile iliyotwaa Allan Cup, ikaivisha jezi yenye jani la mepo, nembo ya Kanada, na kuipakia safarini. Kwenye Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 walienda Winnipeg Falcons, vijana wa familia zilizotoka Iceland, wakarudi na dhahabu. Mwaka 1952 ikawa zamu ya Edmonton Mercurys, nao wakaleta dhahabu. Haikuwa heri kila mara. Mwaka 1954, kwenye ubingwa wa dunia kule Stockholm, timu ya East York Lyndhursts ilichapwa 7–2 na Wasovieti waliokuwa wanashiriki kwa mara ya kwanza, na nchi nzima ikahisi imevuliwa nguo hadharani. Mwaka uliofuata wakatumwa Penticton Vees, nao ni watu wa British Columbia kama Trail, wakawapiga Wasovieti 5–0.

Hebu fikiria uzito wake. Unafunga duka Ijumaa, wiki mbili baadaye unasimama Ulaya na heshima ya taifa iko mabegani mwako.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Kwenye sheria ya mazingira tumesoma shauri la Trail Smelter. Ni Trail hiyohiyo? Na jina Smoke Eaters lina uhusiano na moshi ule? – Msomaji, Dodoma

Ni hiyohiyo, na barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge safu nzima.

Mji wa Trail umekaa bondeni, kando ya Mto Columbia. Juu yake, kwenye ukingo, kuna kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi na zinki kilichoanza mwaka 1896, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha kampuni iliyojulikana kama Cominco. Katika miaka ya 1920 zilijengwa dohani mbili zenye urefu wa futi 409 kila moja. Mpaka wa Marekani uko umbali wa kama kilomita 11, ukipima kama ndege arukavyo. Moshi wa salfa ulishuka na upepo wa bondeni, ukavuka mpaka, ukaunguza mazao na misitu ya wakulima wa jimbo la Washington. Nchi mbili zikapelekana kwenye baraza la usuluhishi. Uamuzi wa kwanza ulitoka 1938, fidia ya dola 78,000. Wa mwisho ukatoka 1941, na humo ndimo mlimosoma ile kanuni kwamba hakuna dola yenye haki ya kutumia ardhi yake, au kuruhusu itumike, kwa namna ya kuidhuru ardhi ya jirani kwa moshi.

Sasa tazama mwaka. Ni huohuo 1938 Trail walipoifunga Cornwall Flyers na kulitwaa Allan Cup kwa mara ya kwanza. Mezani kwa wanasheria jina la Trail lilisomwa kama la mshtakiwa. Uwanjani lilikuwa la bingwa wa Kanada. Na moshi ni uleule, kwa maana jezi yao ilichorwa dohani za kiwanda zikifuka.

Kuhusu jina lenyewe, wenyeji husimulia hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Trail walikuwa wakicheza ugenini Vancouver. Mwamuzi akatoa adhabu iliyozua ubishi, mashabiki wakaanza kurusha vitu kwenye barafu, na kimojawapo kilikuwa kiko cha tumbaku. Mchezaji Carroll Kendall akakiokota, akakitia mdomoni, akateleza nacho uwanjani huku akivuta. Mchora katuni wa gazeti hakuhitaji zaidi ya hapo. Vijana wa mji wa moshi wakawa Walamoshi, na jina likaganda.

Nilipoanza kuwasoma niliona vibaya kidogo mtu kujivunia moshi uliomharibia mwenzake shamba. Bado sijalimaliza moyoni. Lakini najua pia kwamba waliouvuta moshi huo kwa miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote ni wao wenyewe na watoto wao. Kampuni, ikisukumwa na shauri hilo, iliinasa salfa na kuigeuza mbolea, ikaiuza kwa chapa ya tembo.

Kampuni iliwalipa wachezaji? Kama iliwalipa, ridhaa iko wapi? – Msomaji, Kisumu

Iliwapa kazi. Mtu anayejua kuteleza alipata nafasi kiwandani, akafanya zamu kama wengine, jioni akaenda mazoezini. Wanaokumbuka timu ya Mwadui kule kwenye mgodi wa almasi wa Shinyanga watauelewa utaratibu huu bila maelezo. Baadhi ya wachezaji wa Trail walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kiitalia waliokuja kufanya kazi kwenye matanuri, ndiyo maana kwenye orodha zao unakutana na majina kama Scodellaro, Tambellini na Lenardon.

Ukitaka kubishana kuhusu ridhaa, waangalie pia wapinzani wao. Wachezaji wa Kisovieti wengi waliandikwa kuwa askari wa klabu ya jeshi, CSKA, wakafanya mazoezi mwaka mzima, na kwenye karatasi wao pia walikuwa wa ridhaa.

Je, ni kweli mwaka 1939 walifungwa bao moja tu? – Msomaji, Zanzibar

Ni kweli. Mashindano yalifanyika Uswisi mwezi Februari, Basel na Zürich. Trail walicheza mechi nane, wakashinda zote, mabao 42 kwa moja. Kipa alikuwa Duke Scodellaro. Bao lile lilifungwa katika mechi ya 2–1 dhidi ya Chekoslovakia. Mwezi mmoja baadaye majeshi ya Hitler yaliingia Praha, na nchi hiyo ikafutwa kwenye ramani. Kila ninapoiangalia ile "moja" kwenye jedwali, huwafikiria vijana wa Chekoslovakia zaidi ya Wakanada.

Tusimulie 1961 basi, usitunyime. – Msomaji, Toronto (kwetu Tanga)

Kwanza, hawakuwa chaguo la kwanza. Allan Cup ya 1960 ilichukuliwa na Chatham Maroons wa Ontario, na Trail ndio waliofungwa kwenye fainali. Chatham wakakataa kwenda, nafasi ikawaangukia Trail. Fedha zikachangwa mjini, wachezaji wakaomba ruhusa kazini, wakaondoka. Walipata nguvu ya wachezaji wachache kutoka nje, akiwemo Jackie McLeod aliyewahi kuichezea New York Rangers. Kocha alikuwa Bobby Kromm, naye alicheza pia. Kabla ya mashindano walizunguka Ulaya wakicheza mechi za kirafiki, na timu ikakaa sawa kwa kuchoka pamoja.

Mashindano yalikuwa Uswisi tena, Geneva na Lausanne, timu nane. Trail walishinda mechi zao isipokuwa moja: Chekoslovakia waliwabana 1–1. Chekoslovakia haohao walikuwa wamewafunga Wasovieti 6–4. Ikafika siku ya mwisho, tarehe 12 Machi, Trail dhidi ya Wasovieti. Ushindi mwembamba haukuwa na uhakika wowote, kwa sababu Chekoslovakia na Kanada wangelingana pointi na mabao ndiyo yangeamua.

Sasa mtazame kipa, Seth Martin. Kwenye hoki ya barafu hakupigwi mpira wa duara bali kisahani cheusi cha mpira, chenye upana wa inchi tatu, uzito wa takriban gramu 170, na hugandishwa kwenye friza kabla ya mechi ili kisidundedunde. Kikikujia kwa kasi kinakuja kama jiwe. Makipa wengi wa wakati ule walisimama uso wazi. Martin alikuwa miongoni mwa wachache waliovaa kinyago, na vinyago alivitengeneza mwenyewe kwa mikono yake. Ndani ya kinyago hicho aliwaona Wasovieti wakija wimbi baada ya wimbi, wakipasiana kwa ule mtindo wao wa kuzunguka mpaka beki asijue amkabe nani, naye akaruhusu bao moja tu siku nzima.

Matokeo yalikuwa 5–1. Kanada na Chekoslovakia wakamaliza sawasawa, ushindi mara sita na sare moja kila mmoja, na dhahabu ikaenda kwa Trail kwa tofauti ya mabao. Martin akatajwa kipa bora wa mashindano.

Ndugu yangu wa Tanga uliyepo huko, waulize wazee wa Kanada walisubiri kwa muda gani dhahabu nyingine ya ubingwa wa dunia. Ilikuja 1994, miaka 33 baadaye, na wachezaji wa kulipwa ndio walioileta.

Kipa bora wa dunia alishindwaje kwenda NHL? – Msomaji, Arusha

Alienda, akiwa amechelewa. Ligi ilipopanuliwa 1967 kutoka timu sita mpaka 12, St. Louis Blues walimchukua akadaka msimu mmoja, akisaidiana na Glenn Hall, mmoja wa makipa wakubwa wa historia. Msimu ulipoisha akarudi Trail kwenye kazi yake ya zimamoto. Alikuwa ameshapita miaka 30, na ajira yenye pensheni haitupwi kirahisi na mtu mwenye familia. Mwaka 1997 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu.

Kwa nini mambo hayo yaliisha? – Msomaji, Bukoba

Trail wenyewe ndio waliofunga mlango. Walitwaa Allan Cup tena 1962, wakatumwa kwenye ubingwa wa dunia Stockholm 1963, wakamaliza wa nne, bila medali. Kufikia hapo ilikuwa wazi kwamba klabu ya wafanyakazi haiwezi tena kushindana na timu inayoishi kambini. Kwa Olimpiki ya 1964 padri David Bauer alikusanya wanafunzi wa chuo kikuu kule Vancouver, ikazaliwa timu ya kwanza ya taifa ya kudumu. Naona alikuwa na haki kabisa, ingawa nasikitika nikisoma orodha za miaka iliyofuata na kukosa jina la mji hata mmoja.

Halafu NHL ikapanuka na kuvuta wachezaji, televisheni ikaleta mechi kubwa sebuleni, na ligi za wakubwa zikadhoofika. Timu ya wakubwa ya Trail ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1980.

Hoki ya barafu ipo kwetu? – Msomaji, Nakuru

Ipo, tena karibu nawe. Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005. Uwanja kamili una urefu wa mita 60, ule ni mdogo sana kuliko huo. Hata hivyo humo ndimo ilimozaliwa timu ya Ice Lions, ambayo kwa miaka mingi haikuwa na mpinzani wa kucheza naye, ikawa inajigawa yenyewe mara mbili. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakateleza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa uanachama shirikishi wa shirikisho la kimataifa. Nao ni watu wa kazi, wanaofika mazoezini wakitoka kibaruani.

Kuna chochote kilichobaki Trail? – Msomaji, Mbeya

Kiwanda kipo na bado kinayeyusha. Mji unajiita Nyumbani kwa Mabingwa. Jina la Smoke Eaters walipewa vijana, wanaocheza ligi ya British Columbia tangu miaka ya 1990. Uwanja wao, uliojengwa 1949, ndio huohuo waliofanyia mazoezi Martin na wenzake. Ukitoka nje ya mlango wake na kuinua macho, zile dohani zinaonekana juu ya mji.