Usimwambie bosi kwamba hotuba yake ilikuwa "pathetic"

Usiitume kadi hiyo. Umeuliza kama unaweza kumsifu mkurugenzi wenu Mwingereza kwa kuiita hotuba yake ya kuaga "pathetic", kwa sababu kamusi yako inasema ni "-a kutia huruma, -a kugusa moyo".

Bosi wetu wa Upanga, Mwingereza kama wako, alizungumza msibani kwa dereva wetu, Mbagala, hadi watu wakalia. Jioni ile nilimwandikia barua pepe ya kumshukuru kwa "pathetic speech" yake na, kwa kuwa nilikuwa nikijivunia Kiingereza changu, nakala nikaipeleka kwa wafanyakazi wote. Kwa Mwingereza wa leo, maneno hayo yana maana ya hotuba mbovu, ya kudharaulika. Kimya kilichofuata nilikidhania kuwa ni cha majonzi, mpaka mhasibu aliponivuta kando na kuniuliza kama nimepata kazi kwingine. Mkataba wangu mpya ulikuwa mezani kwa bosi huyo ukisubiri saini, nao ukaendelea kusubiri hadi ule wa zamani ulipokwisha. Nilijieleza na kuomba radhi, lakini walioisoma barua ni ofisi nzima na aliyeyasikia maelezo ni mmoja. Angalau sifa ya ufupi wa maneno ninayo: kazi niliipoteza kwa neno moja.

Aliyeniponza ni mwalimu wa kozi ya jioni, Kariakoo, aliyetukaririsha vivumishi kwa orodha, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, kama daftari la madeni la dukani, huku ada akiidai kabla ya kipindi. Maana aliyotupa iliwahi kuwepo: neno lina asili ya Kigiriki, na lilipoingia katika Kiingereza kwenye karne ya 16 lilihusu kitu kinachoamsha hisia, ndiyo maana mwaka 1856 mhakiki Mwingereza John Ruskin aliandika "pathetic fallacy" kuhusu washairi wanaoyapa mawingu na bahari hisia za binadamu. Bosi wako hakusoma darasa moja na Ruskin.

Kivumishi cha hisia usikitumie kabla ya kukiona katika sentensi za wenyewe, kikiwa pamoja na nomino ileile unayoikusudia. "Pathetic" ikimhusu mbwa mwenye njaa, huruma bado imo. Ikihusu hotuba, udhuru au juhudi, ni dharau tupu; ikihusu mtu, mara nyingi ni dharau pia. Andika "moving" au "touching", na kama umekwisha kuandika kwa wino, nunua kadi nyingine.