Naitreti sifuri, fosfeti sifuri: tangi lako lina njaa

Ndugu yangu wa Muscat, nimesoma maelezo yako yote na picha nimezikuza moja moja. Kwa faida ya watakaopita hapa baadaye: tangi ni la maji ya chumvi la kufugia matumbawe, la lita 250, lilianzishwa kwa mawe makavu, lina samaki klauni wawili tu, skima (mashine inayotoa uchafu majini kwa povu) ya tangi kubwa zaidi, chemba ya mwani inayowashwa taa usiku kucha, na kopo la punje za oksidi ya chuma za kunyonya fosfeti. Vipimo vya virutubisho vinasoma naitreti 0 na fosfeti 0. Acropora, yale matumbawe ya matawi, zimepauka, ncha zinaungua, na mchanga umefunikwa na utelezi wa kahawia wenye viputo, unaofifia usiku na kurudi mchana. Umeshauriwa ubadilishe nusu ya maji na uongeze punje. Naomba sana usifanye hayo mawili. Ushauri huo ni wa tangi lililoshiba kupita kiasi, na lako lina njaa.

Najua hoja itakayofuata: mbona baharini, penye matumbawe mazuri, naitreti na fosfeti karibu hazipimiki? Ni kweli kabisa. Maji ya mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, yale tuliyoogelea sisi tuliokulia Unguja, yana virutubisho vichache mno. Lakini kipimo kinakuonyesha kilichobaki ndani ya maji, hakikuonyeshi kilichokwisha kuliwa. Mwamba wa bahari unapitiwa na maji mapya kujaa na kupwa, usiku na mchana. Kila tone limebeba kidogo, ila matone hayakatiki. Jua likizama planktoni hupanda juu, na matumbawe hutoa minyiri kuwadaka. Samaki wanaolala katikati ya matawi hutoa amonia kupitia mashavu yao, na vile vijimea vinavyoishi ndani ya nyama ya tumbawe huipenda amonia kuliko hata naitreti. Duka ambalo rafu zake ni tupu kwa kuwa bidhaa hununuliwa kila zikishushwa halifanani na duka ambalo rafu ni tupu kwa kuwa lori haliji. Lako lori haliji.

Na huko uliko kuna mfano mzuri wa upande wa pili. Mirbat, kule Dhofar kusini mwa Oman, msimu wa kharifu upepo wa kusi huvuta juu maji baridi ya kina yaliyojaa virutubisho, hata mwani mkubwa unaota mwamba mmoja na matumbawe. Virutubisho peke yake haviui tumbawe. Wengi wetu tuliingia kwenye ufugaji huu tukiwa tumefundishwa kuviogopa, na hofu hiyo ndiyo inayouza makopo ya punje.

Kabla ya kutia chochote, hakikisha sifuri yako ni sifuri kweli. Kama unatumia kile kipimo cha kampuni ya Hanna kinachosoma fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), namba unayoiona izidishe kwa 3.066 upate fosfeti, kisha ugawe kwa 1,000 upate miligramu kwa lita. Kosa lake la kawaida ni kama ppb 5 juu au chini, yaani karibu 0.015 ya fosfeti, kwa hiyo 0 ya leo na 4 ya kesho zinaweza kuwa maji yaleyale. Pima siku kadhaa, saa ileile, osha kichupa vizuri, futa alama za vidole. Kwa naitreti, ukiwa na kipimo cha rangi cha Salifert, tazama rangi kwa ubavuni badala ya juu, halafu gawa jibu kwa kumi. Hapo utaiona tofauti ya 0.2 na 1, ambayo ukitazama kwa juu yote huonekana kama maji matupu.

Sasa jambo ambalo ningetaka ulishike kuliko yote mengine. Kati ya upungufu wa aina mbili, wa fosfeti ndio unaoumiza zaidi, na hali mbaya kabisa ni naitreti kuwepo huku fosfeti haipo. Mwaka 2013 maabara ya matumbawe ya Chuo Kikuu cha Southampton, chini ya Jörg Wiedenmann, ilichapisha utafiti ulioeleza kwa nini. Vijimea vya ndani ya tumbawe vikipewa naitrojeni huendelea kuzaliana, na vikizaliana huhitaji fosforasi ya kujengea utando wa seli. Ikikosekana, hujaza nafasi yake kwa mafuta yenye salfa, na utando wa namna hiyo hauhimili joto na mwanga. Tumbawe linapauka katika mwanga ambao zamani lilikuwa linaumudu. Kwa hiyo anayekuambia utie naitreti kwanza, fosfeti utaifikiria baadaye, usimfuate. Fosfeti itangulie, au ziende pamoja. Utasikia pia habari za uwiano wa Redfield, atomu 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Alfred Redfield aliupata kwa planktoni wa bahari kuu, na ni maarifa makubwa, ila sioni haja ya mfugaji kukesha na kikokotoo kuukimbiza ndani ya tangi. Hakikisha tu hakuna kati ya hivyo viwili kilichokauka.

Kazi ya kwanza haina gharama: acha kutoa. Punje za oksidi ya chuma zitoke leo. Taa ya chemba ya mwani ipunguzwe iwe saa nne au tano kwa siku, na ule mwani wa Chaetomorpha uvune sehemu kubwa. Skima usiizime moja kwa moja, hasa kwako ambako maji ni ya joto na maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Mimi napunguza kimo cha povu ili itoe kidogo huku ikiendelea kupuliza hewa, na usiku naiacha ifanye kazi. Wanaotia siki au vodka kulisha bakteria wanaomaliza virutubisho nao wasikate ghafla, washuke kidogo kidogo kwa wiki kama mbili.

Kazi ya pili ni kulisha. Klauni wawili katika lita 250 ni wachache. Ongeza samaki taratibu, mmoja mmoja, kila mmoja akae karantini kwanza, na ulishe mara tatu au nne kwa siku kwa vipande vidogo. Chakula kilichogandishwa usikioshe, yale majimaji yake ni fosfeti unayoitafuta. Mwani mkavu wa nori ni mzuri kwa samaki kangaja, ila kwa ukubwa wa tangi lako chagua kangaja wa aina ndogo, la sivyo muache. Mimi napendelea njia hii kuliko chupa, kwa sababu chupa ya naitreti huleta naitreti peke yake, bali samaki huleta amonia, fosfeti na chembechembe ambazo tumbawe linazila moja kwa moja kwa mdomo.

Lakini samaki huchukua muda, na Acropora zako hazina muda. Hapo chupa ina nafasi yake. Hesabu za lita 250 ni hizi. Yeyusha gramu 34 za naitreti ya sodiamu katika lita moja ya maji ya RO (yaliyochujwa hadi yakabaki karibu matupu); kila mililita 10 itapandisha naitreti kwa takribani miligramu 1 kwa lita. Katika chupa nyingine ya lita moja ya maji hayo yeyusha gramu 1 ya fosfeti ya sodiamu, ile iitwayo trisodiamu fosfeti yenye molekuli 12 za maji. Mililita 10 zitapandisha fosfeti kwa miligramu 0.01 kwa lita. Soma lebo kwa makini: ile isiyo na maji ndani yake ina fosfeti zaidi ya mara mbili kwa uzito uleule. Iwe safi ya daraja la maabara, si sabuni ya kusafishia sakafu. Inachoma ngozi, vaa glavu. Andika majina kwenye chupa, na pima kwa mzani mdogo wa sonara, kwa sababu gramu moja haikisiwi kwa kijiko. Hapa Uingereza naitreti ya sodiamu imo kwenye orodha ya kemikali ambazo muuzaji hutakiwa kutoa taarifa akiona mauzo yenye mashaka, kwa hiyo wengi hununua chupa zilizokwisha kuchanganywa za duka la samaki. Ni sawa kabisa, fuata tu kipimo chao.

Anza na fosfeti 0.02 hadi 0.03 kwa siku, naitreti 1 kwa siku. Lengo langu kwa tangi lenye hali kama yako ni naitreti kati ya 5 na 10, fosfeti kati ya 0.05 na 0.1. Mawe na mchanga hula nafasi, kwa hiyo maji yako halisi ni pungufu ya lita 250 na kila dozi itapanda kidogo zaidi ya hesabu. Kwa viwango hivi haina madhara.

Sasa utakutana na kitu kitakachokukatisha tamaa usipokijua mapema. Utatia fosfeti asubuhi, jioni utapima, hamna. Kesho tena, hamna. Mawe makavu na mchanga ni kalsiamu kaboneti, na kalsiamu kaboneti hushika fosfeti juu ya uso wake mpaka ifikie mizani na maji. Tangi langu nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, likiwa kwenye sifuri hiyohiyo, na kwa wiki kadhaa mawe yaliinywa kila dozi kabla kipimo hakijaanza kusoma chochote. Usiongeze dozi kwa hasira. Mawe yakishashiba, ile dozi kubwa itabaki yote majini kwa siku moja, na kupanda kwa ghafla ndiko kunakochubua Acropora. Dozi ileile, kila siku, na upime kila siku.

Ule utelezi wa mchangani kwa maelezo yako ni dinoflajeleti (dino kwa kifupi), viumbe vya seli moja, ila usiamini macho yangu ya kwenye picha. Tafuta hadubini, hata ya bei nafuu ya watoto wa shule inayokuza mara 400. Ukiona umbo la tone lenye ncha likizunguka kana kwamba limefungwa kamba, hiyo ni Ostreopsis. Usiku huachia mchanga na kuelea, ndiyo maana taa ya UV (ya miale ya urujuanimno ya kuulia vijidudu majini) yenye nguvu, ikivuta maji ya tangi lenyewe, huipunguza sana. Ina sumu, konokono wakianza kufa, toa waliobaki, na usiguse ule utelezi mikono mitupu. Ukiona umbo la yai linalotambaa kati ya chembe za mchanga bila kuelea, ni Amphidinium, na UV utakuwa umepoteza fedha. Hiyo hushindwa polepole na washindani, na wengi huwapa nafasi diatomu (vijimea vya seli moja) kwa kutia silika. Aina zote mbili hustawi pale bakteria na mwani wa kawaida wanapokuwa wamekufa njaa. Ndiyo sababu nakukataza kubadilisha nusu ya maji: wafugaji wengi wameona dino zikilipuka siku mbili tatu baada ya maji mapya. Nyonya utelezi kwa mpira kupitia soksi ya kuchujia, rudisha maji yaleyale.

Kuna aliyependekeza maji ya bomba kwa kuwa yana fosfeti. Kwa Uingereza ni kweli, kampuni za maji huitia makusudi ili risasi isitoke kwenye mabomba ya zamani. Lakini humo kuna klorini na pengine shaba, na shaba huua konokono na kamba. Maji ya Muscat kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, hata hiyo fosfeti usiitegemee. Baki na RO.

Zile ncha zilizoungua: hukutaja alkalini yako (uwezo wa maji kuzima asidi, hupimwa kwa dKH). Kama iko 10 dKH au zaidi, nadhani sababu ni hiyo. Alkalini ya juu huhimiza mifupa ya tumbawe kukua, na nyama yenye njaa haiwezi kuifuata, kwa hiyo ncha hubaki wazi. Ishushe taratibu hadi 7.5 au 8 kwa kupunguza dozi, nusu dKH kwa siku isizidi, na uiache hapo. Taa nazo zipunguze kwa robo au theluthi mpaka rangi irudi. Tumbawe lililopauka limepoteza kivuli chake cha ndani.

Baada ya wiki chache tarajia mwani wa kijani kwenye kioo na mawe. Acha kwenye mawe, kwangule kwenye kioo tu. Hao ndio washindani wa dino. Acropora huenda zikawa za kahawia kabla ya kurudi kwenye bluu na zambarau. Kahawia hiyo ni vijimea vinavyorudi, usiishtukie ukarudisha punje.

Niandikie alkalini, aina ya chumvi, na picha ya hadubini ukiipata. Ukiwa na tumbawe la Goniopora au Euphyllia humo ndani, nieleze pia linafunguka kiasi gani mchana, maana hayo huanza kujibu mapema kuliko Acropora.