Umefunga, au umekaza?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi pikipiki hapa Kibaha, nina vijana wawili wanaojifunza kwangu. Nataka kuandika maelekezo ya kurudisha tairi la nyuma baada ya kubadilisha, niyabandike ukutani. Rasimu nimekutumia; humo nimeandika "funga tairi". Mwenzangu anasema Kiswahili sahihi ni "kaza tairi". Kijana mmoja naye anasema kwao wanasema "visha tairi". Kipi ni sahihi? Na je, ni "tairi imekazwa" au "tairi limekazwa"?

JIBU: Marahaba, fundi. Wote watatu mmesema Kiswahili, ila kila mmoja ametaja hatua yake. Ukichukua neno moja ukalitumia kwa hatua zote, kuna hatua itarukwa, na kwenye gurudumu la nyuma hatua iliyorukwa anailipia aliyepanda.

Kwanza tutenganishe vitu. Mtaani kila kitu ni tairi. Tunasema "tairi imepinda" wakati kilichopinda ni ringi, "toa tairi" wakati anayetumwa atatoa gurudumu zima. Katika mazungumzo hilo halina shida, maana mko wawili na kitu mnakiona. Ukutani hakuna wa kuulizwa. Basi tairi libaki kuwa mpira wa nje, ndani yake tyubu, chuma cha duara kinachobeba mpira ni ringi, na vyote hivyo pamoja na spoku na habu, yaani kitovu chake, ndiyo gurudumu. Unachobadilisha ni tairi. Unachorudisha kwenye pikipiki ni gurudumu.

Sasa "visha". Mpe kijana wako heko, neno lake ni zuri kuliko anavyodhani. Kitenzi "vaa" kimezaa "vika" na "visha". "Vika" tumezoea kukisikia penye heshima: bibi harusi huvikwa pete, mshindi huvikwa nishani. "Visha" ni cha kila siku: mtoto huvishwa shati, mto huvishwa foronya. Na ringi huvishwa tairi, vilevile kama mto na foronya yake. Mwenye kushika sana sarufi atakwambia uandike "ivishe ringi tairi", kwa kuwa ringi ndiyo inayovaa. Mimi naona "visha tairi" inatosha, mafundi wameizoea na haimpotezi mtu.

Nguo ikishavaliwa tunauliza imemkaa au haikumkaa. Tairi nalo hukaa. Likishavishwa na kujazwa upepo, angalia ubavuni, karibu na ukingo wa ringi: kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi lote. Mstari huo ukiwa umbali uleule kutoka kwenye ringi mzunguko mzima, tairi limekaa. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena. Hilo "halijakaa" liandike, maana linamwonyesha kijana tatizo liko wapi. "Haliko sawa" halimwonyeshi kitu.

Ubavuni hapohapo matairi mengi yana mshale. Nimesikia mafundi wakifundisha "mshale uangalie mbele", na kauli hiyo naiogopa. Mshale unazunguka pamoja na tairi: ukiwa juu unaangalia mbele, ukifika chini unaangalia nyuma. Kijana akiuona uko chini, akatii maneno yako, atavisha tairi kinyume kabisa. Andika "gurudumu lizunguke kufuata mshale". Hapo hata mshale ukiwa wapi, maana haibadiliki.

Tuje kwenye kiini cha swali, "funga" na "kaza". Miaka kadhaa iliyopita nilibadilisha tairi la nyuma kwenye kijiwe kimoja cha mafundi. Kijana alipoinuka nikamuuliza, "Umefunga?" Akajibu, "Nimefunga, mzee." Nikalipa, nikaondoka. Sikufika mbali cheni ikaanza kukwaruza, na kwenye kona nikahisi pikipiki inacheza kwa nyuma. Nikasimama, nikainama, nikashika nati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Ikazunguka kwa vidole viwili.

Yule kijana hakunidanganya. Nati aliifunga: aliizungusha mpaka ikashika meno, akaiacha ili kwanza arekebishe cheni, kisha mteja mwingine akamwita. Kwa lugha ya mlango, nati ile ilikuwa imerudishiwa tu. Kosa la lugha lilikuwa langu, niliuliza funga huku nikitaka kujua kaza.

Tazama vinyume vyake utaona tofauti. Kiswahili kina jozi nyingi ambazo kitendo cha pili kinatengua cha kwanza kwa -ua au -oa: funga na fungua, chomeka na chomoa, bandika na bandua, vaa na vua. Kazi yako karibu yote imo humo. Unafungua nati, unachomoa ekseli, unavua tairi. Ukirudisha unavisha tairi, unachomeka ekseli, unafunga nati. Kijana akishika jozi hizo, mpangilio wa kurudisha anaupata kwa kugeuza tu. Lakini "kaza" haina mwenza wa namna hiyo. Kinyume chake ni "legeza". Funga na fungua ni ama hivi ama vile, ilhali kaza na legeza vina viwango: unakaza kidogo, unakaza zaidi, unakaza mno mpaka nati inaliwa. Ndiyo maana nati ya ekseli inahitaji vitenzi vyote viwili, na kati yake kuna kazi ya kufanya: kuvuta gurudumu nyuma au kulisogeza mbele, kulinganisha alama za pande mbili, kupima cheni. Pikipiki nyingi ndogo hutaka cheni icheze milimita 20 hadi 30 hivi, ikipimwa katikati ya upande wa chini, lakini kipimo chenyewe kisome kwenye kitabu cha pikipiki husika. Ukikaza kabla ya hapo, utalegeza tena. Ukisahau kukaza baada ya hapo, yaliyonipata yatampata mteja wako.

Angalia pia usije ukaandika "hakikisha nati imekaza". Nati iliyokaza ni ile iliyokamata, imeota kutu, spana inainua pikipiki nayo haigeuki. Nati iliyokazwa imekazwa na mtu. Hiyo -w- ndogo inamdai kijana ajue nani amekaza. Vivyo hivyo mteja akirudi na malalamiko: "imelegea" ni kwa mtikisiko wa barabara, "imelegezwa" kuna mkono uliopita hapo.

Kuhusu ngeli: tairi lenyewe halikazwi, inayokazwa ni nati, kwa hiyo "imekazwa" ni sawa ukiwa unasema nati. Katika maandishi sanifu tairi liko li-/ya-, pamoja na gurudumu: tairi limekaa, magurudumu yanazunguka. "Tairi imekaa" utaisikia kila kona na sitamsuta anayeisema. Ila kwa ukuta wako nashauri li-, na si kwa ajili ya mitihani. Nati, ekseli, cheni na breki zote ni i-/zi-. Ukiandika "itikise" kijana atashika nati au cheni. Ukiandika "litikise" atashika gurudumu. Silabi moja imemwonyesha pa kuweka mkono.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini nimeliona kwenye rasimu yako: "upande wa kulia". Kulia kwa nani? Aliyekaa kwenye kiti, au fundi aliyechuchumaa akitazamana na taa ya mbele? Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda cheni iko kushoto kwa dereva na breki ya nyuma iko kulia kwake. Basi andika "upande wa cheni" na "upande wa breki", hata pikipiki ikilazwa majina hayo hayageuki.

Mimi ningeandika hivi:

"Visha tairi, gurudumu lizunguke kufuata mshale. Jaza upepo, hakikisha tairi limekaa mzunguko mzima. Rudisha gurudumu, pachika cheni kwenye meno ya sproketi, rudisha bushi za upande wa cheni na upande wa breki, chomeka ekseli. Funga nati kwa mkono. Linganisha alama za pande zote mbili, pima mchezo wa cheni. KAZA nati ya ekseli kwa spana. Rudisha fimbo inayozuia sahani ya breki isizunguke, kaza nati yake, weka pini. Litikise gurudumu, lisicheze, lizungushe, lisikwaruze. Kanyaga breki kabla hujamkabidhi mteja."

Fimbo hiyo nimeitaja peke yake kwa makusudi. Kwenye breki za ngoma ndiyo inayoishikilia sahani ya breki, ile inayofunika ngoma. Ikisahaulika, dereva akikanyaga breki sahani huvutwa na gurudumu, na gurudumu linaweza kukamata ghafla. Usiifiche ndani ya "funga kila kitu".

Hilo KAZA liandike kwa rangi nyekundu, na mbele yake acha nafasi kijana aweke jina lake kwa chaki. Nawe unapopita usimuulize "umefunga?" Muulize "umekaza?"