Krimu ya uso baada ya miaka 50

Shikamoo mama. Umeuliza ununue krimu ipi kwa mikunjo na madoa yaliyojitokeza usoni baada ya kutimiza miaka 52. Kabla ya krimu yoyote ya bei kubwa, nunua losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi uipake kila asubuhi, kwani jua huchangia sana mikunjo na huyakoleza madoa, hata kwenye ngozi nyeusi. Usiku, anza na retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka) kidogo mara mbili kwa wiki, kisha losheni yenye glisirini, ambayo ni rahisi na haina makuu. Mkorogo uepuke kabisa: zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi ambazo mara nyingi huwamo, zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na kopo lisiloorodhesha viambato liache huko huko dukani. Doa linalobadilika umbo lionwe na daktari wa ngozi.