Kilwa Masoko ni jina moja: ushauri kwa anayeita programu nyingine kutoka kwenye msimbo wake

Ukiandika programu za kutumiwa Mtwara na Lindi, utakutana na majina yenye nafasi siku ya kwanza tu. Kilwa Masoko. Kilwa Kivinje. Mnazi Mmoja. Karani wa chama cha msingi anafungua jedwali la malipo ya ufuta, analihifadhi kwa jina "Malipo Kilwa Masoko.xlsx" na kuendelea na kazi zake. Mkulima anaipiga picha stakabadhi yake na kuituma kwa WhatsApp. Ukiishusha kwenye kompyuta inakuja na jina refu lenye neno, nafasi, neno, nafasi, tarehe, nafasi, saa.

Kazi zangu nyingi ni za aina hii: mfumo mdogo wa chama, wa duka la pembejeo, wa stesheni ya kuchapa na kudurufu. Karibu kila mmoja hufika mahali ukahitaji msaada wa programu nyingine. LibreOffice igeuze jedwali kuwa PDF, ImageMagick ipunguze ukubwa wa picha, Tesseract isome maandishi yaliyomo kwenye picha. Msimbo wako unaiita, unaipa hoja zake, yaani vile vipande vinavyofuata jina la programu kwenye mstari wa amri, kisha unasubiri jibu. Na hapo ndipo Kilwa Masoko inapokatwa ikawa Kilwa na Masoko.

Vijana wanaoniletea kazi zao nizitazame huwa wameandika hivi, kwa Python:

```
os.system("soffice --headless --convert-to pdf " + faili)
```

Mimi nawashauri waandike hivi:

```
subprocess.run(
    ["soffice", "--headless", "--convert-to", "pdf",
     "--outdir", folda, faili],
    check=True)
```

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ile ya kwanza inaunda sentensi moja na kuikabidhi kwa sheli, yaani programu inayosoma mistari ya amri na kuitekeleza, na sheli ndiyo inayoamua kipande kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Kigezo chake ni nafasi. Ile ya pili haipiti kwenye sheli kabisa. Kwenye Linux, mfumo wenyewe hupokea hoja zikiwa orodha iliyokwisha kugawanywa, kupitia wito wake uitwao `execve`, na kila hoja humfikia mlengwa kama ilivyo, iwe na nafasi moja au kumi. Ni kama kumkabidhi kondakta wa basi la Lindi vifurushi vitatu, kila kimoja kimefungwa na kuandikwa jina la mwenyewe, badala ya kumpa kiroba kimoja umwambie agawe atakavyoona.

LibreOffice ikikosa faili itakulalamikia, nawe utajua. Kinachonitia hofu ni zile amri zisizolalamika. Chukulia una folda mbili, moja inaitwa `Kilwa` na nyingine `Kilwa Masoko`, na programu yako inataka kufuta hiyo ya pili kwa sababu kazi yake imekwisha:

```
os.system("rm -rf " + folda)
```

Sheli inaipa `rm` majina mawili: Kilwa, na Masoko. Masoko haipo, lakini ile `-f` imekwisha kuiambia `rm` isilalamike juu ya kisichokuwepo. Kilwa ipo, inafutwa na kila kilichomo. Folda uliyotaka kuifuta imebaki palepale, na kwenye skrini hakuna neno hata moja. Kama ndani ya ile folda kulikuwa na malipo ya wakulima ya msimu mzima, kuna mzee atakuja dirishani kuuliza fedha zake, na karani hatakuwa na cha kumwonyesha. Ndiyo maana silichukulii hili kama suala la usafi wa msimbo tu.

Wengi wakishagundua tatizo la nafasi hukimbilia alama za kunukuu. Wanalifunga jina kwa alama moja moja, mbele na nyuma, na Kilwa Masoko inapita. Wanafurahi, wanasambaza programu. Halafu inafika Lindi mjini, na pale kuna Ng'apa.

Angalia kinachotokea. Amri inakuwa `'Malipo Ng'apa.xlsx'`. Sheli inafungua nukuu mwanzoni, inaifunga baada ya Ng, inasoma `apa.xlsx` ikiwa nje ya nukuu, kisha inakutana na alama ya mwisho na kudhani nukuu mpya imeanza. Inatafuta mwisho wake haiuoni, inakataa amri nzima. Hilo ni afadhali, maana umepata kosa la kuonekana. Sasa tazama majina mawili ya namna hiyo yakikaa kwenye amri moja, kwa mfano unaunganisha PDF mbili kuwa moja:

```
pdfunite 'Ng'apa.pdf' 'Ng'ambo.pdf' Yote.pdf
```

Alama ziko sita, zinagawanyika jozi jozi, kwa hiyo sheli hairuki wala haishtuki. Inachompa `pdfunite` ni hoja mbili tu: ya kwanza ni `Ngapa.pdf Ngambo.pdf`, jina moja refu lenye nafasi katikati na lisilo na alama yoyote ya ng', na ya pili ni `Yote.pdf`. Utaambiwa faili halifunguki, utakwenda kwenye folda, utaliona limekaa pale, utaanza kushuku diski. Lugha yetu ina ng' kila kona: ng'ombe, ng'ambo, king'amuzi, mang'amung'amu. Wanaoandika mifano ya mafunzo huko kwingine hawakutani na alama hii ndani ya majina mara nyingi kama sisi. Orodha inaliondoa tatizo lote hili kwa mpigo, maana hakuna wa kuzisoma alama hizo kama amri.

Na kama huna budi kupitia sheli, labda kwa sababu unahitaji kuunganisha amri mbili kwa bomba (alama ya `|`, inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine), usizifunge nukuu kwa mkono wako. Python ina `shlex.quote`, PHP ina `escapeshellarg`. Ziachie hizo kazi hiyo.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka ambao siupendi: "waambie watumiaji wasiweke nafasi kwenye majina." Nimeona mpaka matangazo yamebandikwa ukutani, andika Kilwa_Masoko. Jina la mahali ni Kilwa Masoko, karani ameliandika sawasawa, na kompyuta yake imemruhusu. Kazi ya kurekebisha iko upande wetu tunaoandika programu.

Kwenye lugha nyingine njia ya orodha ipo pia, ila lazima ujue inajificha wapi. Java: achana na `Runtime.exec` unayoipa sentensi moja, kwa sababu yenyewe hukata kwenye nafasi bila kujali nukuu hata ukiziweka. Namna hiyo ya kuiita imetangazwa kupitwa na wakati tangu Java 18. Tumia `ProcessBuilder`. Node.js: `execFile` au `spawn`, siyo `exec`. C#: tumia `ArgumentList`, iliyokuja na .NET Core 2.1 mwaka 2018, uiache `Arguments`. PHP: tangu 7.4 `proc_open` inapokea orodha. Kwenye hati za Bash, ambayo ni sheli, andika `"$@"` (yaani hoja zote zilizopokewa) pamoja na nukuu zake, na `"$faili"` vilevile. Ukiziacha nukuu hizo, umerudi kulekule.

Hata ukishahamia kwenye orodha, kuna mambo matatu nayakuta sana. La kwanza ni kuweka nukuu ndani ya kipengele cha orodha, `'"Kilwa Masoko.xlsx"'`, programu itatafuta faili ambalo jina lake lina nukuu. La pili ni kubandika chaguo na thamani yake pamoja, `"--outdir " + folda`, na hiyo inahesabiwa kuwa hoja moja isiyojulikana. La tatu ni kuipa Python orodha na wakati huohuo kuandika `shell=True`, yaani kuiambia ipitie sheli. Kwenye Linux kipengele cha kwanza tu ndicho kinachokuwa amri, vingine vinaishia kwa sheli yenyewe.

Windows inahitaji uangalifu wa peke yake, na kompyuta nyingi za ofisini huku kwetu ni za Windows. Huko mfumo haupokei orodha. `CreateProcess`, wito wake wa kuanzisha programu, huchukua mstari mmoja wa maandishi, na kila programu hujikatia yenyewe ikishaamka. Programu nyingi hufuata kanuni moja, na kanuni hiyo ina mtego kwenye mkwaju wa nyuma (\). Ukiandika:

```
--outdir "C:\Msimu Mpya\" "Malipo.xlsx"
```

ule mkwaju wa mwisho unaigeuza nukuu inayoufuata kuwa herufi ya kawaida. Folda na faili vinaungana na kuwa hoja moja, `C:\Msimu Mpya" Malipo.xlsx`. Orodha ya Python huurudufu mkwaju huo yenyewe ili hili lisitokee. Jambo jingine ni njia ya programu yenyewe. LibreOffice kwa kawaida hukaa ndani ya `C:\Program Files`, na ukiiandika njia hiyo kwenye mstari bila nukuu, Windows hujaribu kwanza kama kuna `C:\Program.exe`. Mtu mwenye nia mbaya akiliweka faili lenye jina hilo pale, umemfungulia mlango.

Faili za `.bat`, yaani hati za amri za Windows, ndizo ninazozikwepa kabisa. Zinasomwa na `cmd.exe`, sheli ya Windows yenye kanuni zake tofauti, na Aprili 2024 ilibainika kwamba hata lugha zilizopokea hoja kwa orodha hazikuwa zikizilinda vya kutosha zinapoita faili za aina hiyo. Rust ilitoa toleo 1.77.2 kurekebisha, Node.js na PHP nazo zikatoa marekebisho. Kama programu yako inaita `.bat` na kuipa jina lililoandikwa na mtumiaji, sasisha lugha unayotumia, au bora uiite programu iliyo nyuma ya hiyo `.bat` moja kwa moja.

Unapokwama, usibahatishe kwa kuongeza na kupunguza nukuu. Andika programu ndogo ya kukuonyesha kilichofika:

```
import sys
for i, hoja in enumerate(sys.argv[1:], 1):
    print(i, "[" + hoja + "]")
```

Iweke mahali pa LibreOffice, iite kwa jina lilelile la faili peke yake, usome mabano. Ukiona `1 [Malipo]`, `2 [Kilwa]`, `3 [Masoko.xlsx]`, umeshajua. Ukiona `1 [Malipo Kilwa Masoko.xlsx]`, tatizo lako liko kwingine, nenda kalitafute huko.

Mimi kila mradi naupa folda ya majaribio yenye faili nne: `Malipo Kilwa Masoko.xlsx`, `Ng'apa daraja la kwanza.xlsx`, moja yenye nafasi mbili mfululizo, na moja inayoanza na kistari, `-mnada.xlsx`. Hiyo ya mwisho inapita kwenye orodha salama, lakini programu nyingi zitaidhania ni chaguo badala ya faili. Kwa hiyo itangulizie njia, `./-mnada.xlsx` au njia kamili kuanzia mzizi, na kwa amri zinazoikubali weka `--` kabla ya majina ya faili.