Mafua tu, mbona mkojo wa mtoto umekuwa mweusi?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Tanga, nna watoto wawili. Kijana wangu wa miaka minne alishikwa na mafua kama wenzake wote wa chekechea, homa, kikohozi, kamasi, nikampa parasetamo basi, sikumpa kingine. Siku ya tatu naangalia mkojo kwenye poti umekuwa kama chai ya rangi, macho manjano, viganja vyeupe, tukakimbia hospitali. Malaria hamna ila damu imeshuka sana, akaongezewa. Wakampima kitu kinaitwa G6PD wakasema iko kawaida, wakatuambia turudi baada ya miezi mitatu, tuliporudi wakapima tena wakasema anao upungufu. Sasa nishike majibu yapi? Na mafua yanamalizaje damu ya mtoto? Mama mkwe anasema kwao hakuna kitu hicho, nimekuja nacho mimi. Kweli mjomba wangu, na ukoo wetu una watu Oman, alikuwa hagusi ful (yale maharage mapana) maisha yake yote. Nna mimba ya miezi sita, silali. – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba mama, pole sana, na hongera kwa kuangalia ile poti maana wengi tunamwaga bila kutazama.

Shika majibu ya pili. G6PD ni kimeng'enya, yaani protini ya kuendesha kazi, kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe changa zinakuwa nacho kingi kuliko zilizozeeka. Sasa mtoto damu ikivunjika zinakufa kwanza zile kuukuu ambazo hazina kitu, zinabaki changa, halafu juu yake akaongezewa damu ya mtu mwingine mwenye kimeng'enya chake kamili, ukipima siku hizo unapima sehemu ya damu ya aliyechangia. Ndo maana wakakwambia urudi baada ya miezi mitatu, chembe nyekundu inaishi kama siku 120 hivi kwa hiyo mpaka hapo nyingi za kuazima zimeshaondoka. Hospitali haikukosea, na tatizo ni kwamba watu wengi wakishaambiwa "kawaida" hawarudi tena.

Tuje kwenye mafua. Watu wengi wanajua habari ya dawa na habari ya ful kuvunja damu, lakini wanachosahau ni kwamba maambukizi yenyewe, iwe mafua makali, nimonia, homa ya ini au taifodi, ni moja ya sababu kubwa kabisa za damu kuvunjika kwa wenye upungufu huu, na mtoto anaweza akavunjika damu bila kumeza kidonge chochote. Inakuwa hivi, kirusi kikiingia puani na kwenye mapafu chembe nyeupe zinapigana nacho kwa kumwaga kemikali kali za oksijeni, na hizo kemikali hazichagui, zinagusa na chembe nyekundu zinazopita. Chembe nyekundu ya mtu wa kawaida inajikinga, ina akiba ya kinga inaitwa glutathione, ikitumika inafanywa upya, na kinachowezesha ifanywe upya ni kazi ya G6PD. Chembe zingine za mwili zina njia nyingine za kujisaidia, chembe nyekundu haina, hiyo ndo njia yake pekee. Akiba ikiisha himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, inaharibika, inagandana ndani ya chembe, chembe inapasuka, na kilichomwagika kinatoka kwenye mkojo, ule weusi uliouona. Kawaida huanza siku moja hadi tatu baada ya kilichoichokoza damu, kwa hiyo siku yako ya tatu inaingia kabisa.

Na upungufu huu una aina zaidi ya moja. Iliyoenea zaidi kwetu Afrika huua zaidi chembe zilizozeeka halafu mara nyingi inajituliza. Iliyoenea Oman na nchi za Mediterania ni kali zaidi, hata chembe changa zina kimeng'enya kidogo sana, na kwa ulivyosema habari ya mjomba nashuku ndo hii, mwambie daktari wako hivyo hivyo ulivyoniambia.

Parasetamo kwa kipimo chake haikufanya kosa, usijilaumu. Aspirini usimpe, na hii ni kwa mtoto yeyote mwenye mafua, sio wa G6PD peke yake. Vitamini C ya kwenye machungwa na ndimu haina neno, zile dozi kubwa za kuchomwa kwenye mshipa ndo ukatae. Kumfunika blanketi na sufuria ya maji ya moto ajifukize achana nako, mtoto wa miaka minne ataungua. Antibayotiki haiui kirusi cha mafua, ila ukipewa kwa sababu nyingine useme kwanza kwamba mtoto ana upungufu wa G6PD, maana kuna za kuepuka kabisa, nitrofurantoini ni mojawapo, na dapsoni pia. Kulikuwa na dawa ya malaria inaitwa Lapdap, ndani yake mna dapsoni, ikaondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu ilikuwa inavunja damu za watoto wa Kiafrika wenye upungufu huu. Dawa ya mseto ya malaria, ALu, anaweza kutumia, dawa nyingine ya malaria, primakwini, ndo mpaka daktari aamue. Andika kwenye kadi yake ya kliniki kwa kalamu nyekundu, mukienda duka la dawa mutoe kadi kwanza kabla ya hela.

Chanjo zote apate, hakuna chanjo anayokatazwa kwa sababu ya G6PD, na ukipata ya flu ya kila mwaka mchanje, maana kila homa ya mapafu aliyoepuka ni damu iliyobaki salama.

Habari ya mama mkwe. Jeni ya G6PD, yaani chembe ya urithi, inakaa kwenye kromosomu X na mtoto wa kiume X yake anaipata kwa mama, kwa hiyo ndio, imepita kwako, kama ilivyopita kwa bibi yako mzaa mama ikamfikia mjomba. Lakini kupitisha sio kukosa! Hukuichagua, na wakati mwingine mwenye kuibeba haoni dalili hata siku moja. Tena ipo kwetu kwa sababu inasaidia dhidi ya malaria kali, Anthony Allison aliyekulia Kenya aliandika habari za upungufu huu Afrika Mashariki mwaka 1960, baada ya kuonyesha kabla yake kwamba kubeba jeni moja ya selimundu kunakinga malaria. Pwani nzima tumejaa, na baba akiwa nayo binti zake wote wanaibeba, kwa hiyo ukoo wa mkwe wako nao ukipimwa wasishangae.

Huyo wa tumboni akiwa wa kiume uwezekano ni nusu kwa nusu, wa kike pia nusu kwa nusu kuibeba. Waambie wakunga kabla hujajifungua. Siku za mwanzo angalia manjano, akianza kuwa wa njano usimuanike juani ukingoja ipungue, mpeleke siku hiyo hiyo. Na naomba hili ulisikie vizuri, mtoto mchanga usimpake hina, wala arobaini wala harusi ya shangazi, kemikali ya hina inapita kwenye ngozi na kuna watoto wamevunjika damu karibu kufa. Vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza nondo navyo toa, nguo zake fua uanike.

SWALI: Mimi nna upungufu wa G6PD tangu nizaliwe, nafanya kazi Muscat. Je korona na flu zinanishika zaidi kuliko wenzangu? – Kaka wa Muscat

JIBU: Kaka yangu, watafiti wa Taiwan mwaka 2008 walichukua seli zenye upungufu wa G6PD wakaziweka na kirusi kimoja cha ukoo wa korona, kile cha mafua ya kawaida 229E, wakaona kinazaana zaidi humo. Hiyo ni maabara, sio mtu, usiibebe ikakutia hofu. Kinachokuhusu zaidi ni dawa utakazopewa ukilazwa. Mwaka 2020 madaktari waliripoti wagonjwa wa korona wenye upungufu huu waliovunjika damu, wengine wakiwa kwenye dawa ya haidroksiklorokwini, ingawa ni vigumu kutenganisha dawa na ugonjwa wenyewe. Dawa inayoitwa methilini bluu ikatae kabisa. Ukiumwa mafua kunywa maji, angalia mkojo kila ukienda chooni, na ukiuona umegeuka rangi, au unahema kwa kupanda ngazi ambazo jana ulizipanda kawaida, nenda emajensi useme neno G6PD kabla hujasema homa.