Maswali ya Wasomaji: Mabishano na Watu Tusiowajua

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchuuzi wa samaki katika mwalo wa Kirumba, Mwanza. Juzi, katika kundi la WhatsApp lenye watu nisiowajua, niliandika kwamba katazo la kuvua sangara wasiofikia sentimita 50 linamwonea mvuvi mdogo. Mmoja akaniita kibaraka wa wavuvi haramu, nikamjibu kwa matusi hadi saa nane usiku. Je, nilipaswa kunyamaza?

JIBU: Ndugu msomaji, hukupaswa kunyamaza, kwa kuwa Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inakupa uhuru wa kutoa maoni, ingawa ulipaswa kulala mapema. Alipokuita kibaraka, mada ya samaki ilikuwa mahututi; matusi yako ndiyo yaliyoizika. Ungemrudisha kwenye rula. Wanaotetea kipimo hicho wanasema sangara akivuliwa kabla hajazaa, ziwa hubaki tupu; wewe unasema, kama nimekuelewa, kwamba mtumbwi ukirudi na samaki watatu haulipi hata mafuta ya injini. Hoja zote mbili zina uzito, na wewe unayewaona samaki wakipimwa kila alfajiri una ushahidi ambao mwenzako huenda hana. Muulize mvuvi ale nini wakati akisubiri samaki wakue. Akijibu kwa hoja, endeleeni; akirudia kukutukana, zima simu. Jambo jingine: usisambaze taarifa usiyoihakiki ili tu umshinde, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo.